Mataruma

Dakika mia na kumi, alisema muuguzi,
ndiyo nusu ya uhai wa dawa hii.
Imepikwa alfajiri chini ya jengo hili hili,
na tangu ipikwe imo katika kufa.
Baba akatoa saa yake ya mfukoni,
ile aliyopewa na shirika la reli siku ya kustaafu.
"Basi mmeshachelewa," akasema.
Wote tulicheka. Yeye hakucheka.

Sapporo, mwezi wa pili, theluji hadi vizingiti vya madirisha.
Nilikuwa nimemwendesha saa nne kutoka Horonuma
kwa sababu treni ya Horonuma haipo tena.
Njiani aliniuliza mara saba tunakwenda wapi.
Mara ya nane hakuuliza,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Sindano. Kisha kungoja dakika themanini,
dawa ipande kichwani, iitafute protini iitwayo tau.
Daktari Kuwashima, kijana mwenye chunusi kidevuni,
alinichorea nyuma ya fomu ya bima:
ndani ya chembe ya ubongo mna njia kama reli,
humo hupita chakula, humo hupita habari;
tau ndiyo mataruma, huzishika reli zisicheze.
Kisha mataruma yanang'oka,
yanasokotana, yanakuwa mafundo,
na reli, zikikosa wa kuzishika, zinaachana.

Laiti angechagua mfano mwingine.
Miaka thelathini na minane baba alitembea juu ya mataruma,
nyundo ya mpini mrefu begani,
akigonga chuma, akiinama, akisikiliza.
Chuma kizima kiliitika. Chenye ufa kilikohoa.
Chuma hakina unafiki, alituambia tukila,
nasi tuliguna, tukamwomba mchuzi wa soya.
Hata mjini hatua zake zilikuwa taruma hadi taruma,
nami mkononi mwake niliruka nisiachwe.

Wakamlaza. Wakamfunga kichwa kwa mkanda laini.
Mashine ikammeza hadi mabegani.
Dakika ishirini, Bwana Imazeki, usitikisike.
Hakutikisika. Huyu alijua kujibana
kwenye kijishimo cha ukuta wa handaki,
mgongo jiweni, tumbo ndani,
treni ipite.

Picha ilikuja na rangi zake.
Buluu, hakuna kitu. Manjano, kidogo.
Nyekundu, ndipo tau ilipojazana:
chini, ndani, usawa wa masikio,
ikipanda pembeni kuelekea utosini.
Mbele haijafika bado, alisema daktari.
Sijapata kulichukia neno kama nilivyolichukia lile "bado".

Baba akavuta kiti. Akavaa miwani.
Akaweka kidole kwenye kioo, pale chini palipoiva zaidi.
"Otanui," akasema. "Walianza kufunga hapa.
Watu kumi na wawili, na paka wa stesheni.
Halafu Nishikabe. Halafu daraja."
Kidole kikapanda polepole, hakikukosea hata kituo kimoja.
"Hawafungi njia nzima kwa siku moja," alimweleza daktari,
kwa upole, kama anayemfunza mwanagenzi.
"Huanzia mwisho kabisa,
kule ambako hakuna atakayelalamika."

Daktari alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika.
"Sehemu hii nani aliikagua?" baba akauliza.
"Nani alipita hapa na nyundo?"

Kwenye maegesho barafu ilikuwa imeshika milango.
Nilipokuwa nikihangaika na ufunguo
alinigeuza, akanivua kofia,
akanigonga paji la uso kwa kifundo cha kidole,
mara moja, si kwa nguvu,
akaniwekea sikio.
Nilizuia pumzi. Nina miaka hamsini na mmoja
na juzi nilisahau jina la jirani.
"Kinasemaje?" nikamuuliza. "Baba, kinasemaje?"

Lakini alikuwa ameshaitoa saa,
anatazama mwisho wa barabara
kule ambako theluji imefunika kila kitu sawasawa.